Mtumba wa Kilo Moja na Robo

Siku nilipoileta nyumbani, mama hakusema kitu kwanza. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza chini juu kama anavyogeuza papai sokoni, akaibonyeza kwa kidole gumba, ndipo akauliza, "Hii ndiyo nzima yenyewe, au ni mtoto wa kompyuta?"

"Ni nzima, mayu."

"Na gunia zangu mbili za mpunga zimo humu?"

"Zimo."

Akanirudishia, akaenda zake jikoni kuchochea moto.

Ndugu msomaji, kabla sijakueleza habari za mashine yenyewe, lazima nikueleze habari za gunia hizo, maana ndizo zilizoninyima usingizi kuliko riwaya. Ilikuwa Julai 2022, mpunga umeshavunwa. Mama alikuwa amezitenga gunia mbili kwa ajili ya baiskeli ya mdogo wangu wa kike, ambaye akifaulu darasa la saba angeanza kidato cha kwanza Januari 2023. Shule yetu ya kata ni mwendo wa saa moja na ushei kwa miguu. Wakati wa masika, udongo mweusi wa mbugani ukishalowa na kushika viatu kama gundi, usiseme. Nikaziuza zile gunia kwa shilingi 110,000, nikamwapia mama kwamba kabla ya shule kufunguliwa hela yote itakuwa imerudi mkononi mwake. Mama hakuniamini, lakini alinipa. Hapo ndipo mama zetu wanapotushinda.

Mimi ni mhitimu wa kidato cha nne, matokeo yangu si ya kuandika gazetini, na tangu nikiwa kidato cha pili naandika riwaya. Niliiandika kwenye madaftari, kalamu ya bluu, nikiishiwa bluu natumia nyeusi. Kila niliyempa asome alisema maneno yale yale: "Ichape kwanza, mwandiko wako unaumiza macho." Na kweli. Mashindano ya uandishi nayo yanataka mswada uliochapwa, hayataki daftari lenye doa la mafuta ya taa. Kuchapisha kwa mtu steshenari ni hela nyingi kuliko kompyuta yenyewe. Basi nikaenda Nzega kwa fundi mmoja, nikarudi na kilaptopu.

Kwa asiyepajua kwetu: Igunga ni mji wa barabarani. Ukitoka Singida unateremka Sekenke, unakata mbuga ya Wembere, halafu ndio sisi. Ukituacha unafika Nzega, njia zinagawanyika, moja Tabora, nyingine Shinyanga na Mwanza. Malori yanapita usiku kucha. Mama anauza vitumbua na karanga jirani na stendi, na mimi nimelelewa na honi za mabasi.

Sasa mashine. Ni Acer Aspire One, ile ya inchi kumi. Ramu yake ni gigabaiti moja, hadi diski gigabaiti 160, prosesa ni Intel Atom N270 ya gigahezi 1.6. Uzito wake kilo moja na robo hivi. Namba hizi nilizisoma kwenye kibandiko nikaziona kubwa sana, mpaka mshikaji wangu mmoja wa bodaboda aliponionyesha kuwa simu yake ya mkononi ina ramu mara tatu ya hiyo. Nikabaki nimeduwaa barabarani na laptopu yangu kwapani.

Kumbe mashine hizi zina historia yake. Mwaka 2005 Wamarekani kadhaa, wakiongozwa na Nicholas Negroponte, walitangaza wazo la kila mtoto wa nchi maskini kuwa na kompyuta ndogo ya dola mia. Bei ile haikufikiwa, ingawa jirani zetu wa Rwanda walizichukua kwa wingi. Mwaka 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ikatoa Eee PC, kioo cha inchi saba tu, diski ya gigabaiti nne. Wengine wakafuata, Acer miongoni mwao, na kwa miaka mitatu minne vilaptopu hivi vikawa bomba duniani. Kisha zikaja tableti, watu wakahama. Mwisho wa 2012 Asus na Acer walikuwa wameshaacha kuvitengeneza. Vilivyobaki vikateremka kama maji yanavyoteremka, kutoka kwa mtu hadi mtu, nchi hadi nchi, mpaka kimoja kikatua Nzega mezani kwa fundi, kikisubiri mpunga wa mama yangu.

Hapa niruhusu nitoke nje ya njia kidogo. Neno mtumba sisi tunalijua kwa nguo. Zamani lakini mtumba ulikuwa mzigo uliofungwa, bunda la vitambaa, alilobeba pagazi begani kutoka pwani hadi Unyamwezi. Riwaya yangu inahusu pagazi. Ni kijana wa Kinyamwezi aliyekwenda Bagamoyo na msafara, na aliporudi akakuta Tabora ina vita, ile ya mwaka 1871 baina ya Mirambo na Waarabu. Njia kuu ya misafara haikupita hapa Igunga, ilipita kusini yetu, kutoka Ugogo kuja Tabora. Ila babu zetu waliobeba ni hawa hawa. Nimesoma kwamba mzigo wa mtu mmoja ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na kitu. Nimekwenda mpaka Kwihara kuliona tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, nikasimama uani nikijaribu kufikiri mtu anaingia pale na kilo thelathini begani baada ya miezi mitatu ya kutembea. Mimi na kilo yangu moja na robo nikaona aibu kulalamika. Lakini nililalamika.

Tatizo la kwanza lilikuwa herufi a. Ilikuwa imekufa. Fundi hakuniambia, nami kwa furaha sikujaribu vibonye vyote. Msomaji, jaribu kuandika Kiswahili bila a! Huna "na", huna "kwa", huna "mama". Unabaki na "ni" na "wewe" na "si". Juma zima nilikuwa naazima a kwa kuinakili, nabonyeza vibonye viwili kuibandika kila inapohitajika, na a katika lugha yetu inahitajika kuliko herufi yoyote. Mwisho nikanunua kibodi ya nje ya shilingi 12,000, kubwa kuliko laptopu yenyewe. Wakija wageni wanaona kibodi kwanza, halafu wanauliza kompyuta iko wapi.

La pili ni mwendo. Ilikuja na Windows XP, na XP iliachwa na wenyewe Microsoft tangu Aprili 8, 2014. Ukiiwasha, unakwenda kuchota maji, unarudi, bado inafikiri. Fundi alikuwa ameipakia kila kitu alichokuwa nacho: Word ya kopi, kinga mbili za virusi zinazogombana, michezo, programu ya kuchezea muziki yenye taa za disko. Mshikaji wa bodaboda akasema, "Tupa hii braza, noma." Nami karibu nimsikilize.

Aliyeniokoa ni kaka mmoja anayefundisha kompyuta, alikuja Igunga kwa msiba wa shangazi yake. Tulikaa kwenye turubai usiku, akaniuliza nafanya nini maishani, nikamwambia, akacheka kwa upole. Akaitazama mashine. "Hii siyo mbovu," akasema. "Hii imebebeshwa. Wewe unataka ifanye kazi ngapi?"

"Kuandika tu."

"Basi iache iandike tu."

Asubuhi, kabla hajarudi, akanipa flashi yenye mfumo unaoitwa antiX, ambao ni Linux ya bure iliyotengenezwa makusudi kwa mashine kongwe. Akanieleza kuwa prosesa yangu ni ya biti 32, na mifumo mingi mipya haiitaki tena, kwa hiyo si kila Linux nitakayoisikia itakubali. Tukaiweka. Ikawaka katika muda wa kufunga kamba za viatu, viatu vyote viwili. Ikiwa imetulia inakula chini ya megabaiti 250 za ramu, na zilizobaki ni zangu.

Tangu siku hiyo nimejifunza mashine hii kama mtu anavyomjifunza punda wake. Nitakuambia niliyoyajua, kwa sababu najua wengi mnaosoma hapa mna mashine za aina hii au mtakuwa nazo, na hakuna atakayewaambia.

Kwanza, usiandike riwaya ndani ya programu kubwa. Nilijaribu LibreOffice, inafunguka, ila inafunguka kama mzee anayeinuka kitini. Sasa naandika maandishi matupu, kwenye programu ile ndogo kabisa isiyojua hata herufi za mlazo. Sura moja faili moja. Mambo ya pambizo na namba za kurasa nayafanya mara moja tu, mwisho wa kazi. Na hapa nilipata mshangao mkubwa kuliko wote. Riwaya yangu nzima, maneno 58,000, ina kilobaiti 390 hivi. Tatu za ukubwa huo zingeingia kwenye diski moja ya zamani, zile nyembamba za mraba. Picha moja ya mshikaji akiwa juu ya pikipiki yake ina ukubwa mara kadhaa ya miaka yangu sita ya kuandika. Sijui kama hilo linanifurahisha au linaniuma.

Kioo nacho kina vituko vyake. Ni kifupi, nukta 600 tu kwenda juu, na dirisha nyingi za programu ni ndefu kuliko hapo, kwa hiyo kitufe cha kukubali kinakuwa chini, nje ya kioo, hukioni. Nilikaa siku mbili nikidhani mashine imekwama. Dawa yake: shika kibonye cha Alt, bonyeza kipanya popote ndani ya dirisha, livute juu. Kitufe kinatokea kama mtu aliyejificha chini ya kitanda.

Intaneti usiiweke humo, au iweke kwa nadra. Kurasa za siku hizi ni nzito mno. Ukifungua mbili tu, ramu imekwisha, mashine inaanza kuandika kwenye hadi diski, unasikia inakoroma. Ninachotaka kutafuta natafuta kwa simu, nikiwa nje. Na nikwambie ukweli, hii ndiyo faida yake kubwa. Kwenye simu naandika sentensi moja, ujumbe unaingia, nacheka nao, saa nzima imekwenda. Kwenye kilaptopu hakuna kinachoingia. Kuna maneno yangu tu, na kama ni mabaya nayaona.

Basi nikaanza pia kuwachapia watu ili nirudishe hela. Barua za kuomba kazi, hati za kukodishana mashamba, orodha za michango ya harusi, risala za wahitimu. Shilingi 500 kwa ukurasa. Nilipiga hesabu: kurasa 220 na nimemaliza deni la mama. Jioni nachapa ya watu, usiku nachapa ya kwangu. Kufika Oktoba nilikuwa nimekusanya 46,000, na riwaya imefika sura ya tisa.

Ndipo ikatokea ile siku ambayo mpaka leo sipendi kuikumbuka.

Betri ya mashine ilikuwa imekufa, natumia umeme wa ukutani moja kwa moja. Umeme ukikatika, giza, na kila ambacho hujahifadhi kimekwenda. Hilo nililizoea. Nilihifadhi kila baada ya aya. Nisilolijua ni kwamba ndani ya mashine kuna betri nyingine, ndogo, ya duara kama sarafu, CR2032, inayotunza saa. Nayo ilikuwa imekufa. Kwa hiyo kila nilipochomoa chaja, saa ya mashine ilirudi Januari 1, 2009. Niliiona tarehe hiyo pembeni, nikaipuuza. Mtu ana riwaya ya mwaka 1871, ya nini kugombana na 2009?

Siku hiyo nilirudi kutoka steshenari na flashi. Ndani ya flashi kulikuwa na nakala ya zamani ya folda la riwaya, sura ya tano hadi ya tisa zikiwa bado rasimu, karibu tupu. Kule steshenari nilikuwa nimezifungua na kuzihifadhi, zikapata tarehe ya siku ile, Oktoba 2022. Zile nzuri, nilizozifanyia kazi majuma matano, zilikuwa kwenye mashine, zimegongwa mhuri wa Januari 2009. Nikanakili folda. Mashine ikauliza kwa adabu: faili hizi za zamani, niweke mpya mahali pake? Nikatazama tarehe. 2009 na 2022. Nikabonyeza ndiyo.

Nilifungua sura ya tano nikakuta nusu ukurasa. Ya sita, mistari minne. Ya saba ina neno moja: "Ugogo."

Sikulia. Nilitoka nje nikasimama barabarani, lori moja la Rwanda likapita, likanipigia honi kwa kuwa nilikuwa karibu mno. Kisha nikakumbuka madaftari! Yote yalikuwa yameandikwa kwa mkono kwanza. Nikakimbia hadi kwa mama kibandani.

"Mayu, yale madaftari yangu yako wapi?"

Mama akanitazama. Mkononi alikuwa amefungia mteja vitumbua viwili. "Si ulisema nichukue tu? Ulisema umeshachapa."

Nilisema hivyo. Mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, mwezi wa nane, nikijidai.

Madaftari matatu yalikuwa yamekwisha, kurasa moja moja, mafuta na sukari, yametawanyika kutoka stendi ya Igunga hadi Mungu ajuako. Manne yalikuwa bado chini ya meza. Nikayakumbatia pale pale mbele za watu. Sura ya nane na ya tisa nikazipata, na nusu ya pili ya sura ya saba. Ya tano, ya sita, na mwanzo wa saba ziliondoka na abiria. Mama hakuuza kwa muda, akakaa kimya. Baadaye akasema, "Mimi nilikuwa najua ni ya shule." Mpaka leo kuna dereva mmoja wa bodaboda ananiita Pagazi, maana alisoma nusu ukurasa kwenye kitumbua chake akataka kujua kijana alivuka mto au hakuvuka. Nilimjibu alivuka. Kwa kweli wakati ule hata mimi sikuwa na hakika tena.

Sura zile niliziandika upya kutoka kichwani. Ilinichukua hadi Desemba. Kuna watakaosema zilitoka bora kuliko za kwanza. Mimi siwezi kusema, kwa sababu za kwanza hakuna anayezikumbuka vizuri, na mtu hawezi kushindana na maiti. Lakini majuma hayo sikuchapa za watu. Januari ilipofika nilikuwa na shilingi 58,000 tu mkononi. Nikampa mama, nikiwa nimeangalia chini.

Mdogo wangu akaanza shule kwa miguu.

Aliondoka saa kumi na moja alfajiri na wenzake wawili. Nilikuwa namsikia akifunga mlango taratibu asiniamshe, kwa kuwa anajua naandika usiku. Mvua ilikuwa nzuri mwaka ule. Alirudi viatu mkononi, miguu myeusi hadi magotini, ananisalimu, "Shikamoo kaka," anauliza pagazi amefika wapi. Bora angenitukana. Kwa majuma kumi niliacha riwaya kabisa, nikachapa kila kilichokuja, hata matangazo ya kupotea kwa ng'ombe. Katikati ya Machi 2023 tukanunua baiskeli, ya mtumba nayo, breki ya nyuma haishiki.

Mwezi uliofuata nikasikia redioni kwamba Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu imetolewa kwa mara ya kwanza. Vijana wamo. Nilikaa nikaitazama ile mashine iliyokuwa imefungwa juu ya kabati, vumbi juu yake, nikaichukua.

Safari hii kwa akili. Niliifungua kwa bisibisi ndogo, nikabadilisha ile betri ya sarafu, shilingi 1,500. Elfu moja na mia tano! Ningejua. Nikasafisha feni kwa brashi ya kupakia rangi, likatoka vumbi la Igunga la kujaza kijiko, na joto likashuka, na mwendo ukaongezeka kidogo. Nikapata betri kubwa iliyotumika, 25,000, inakaa saa moja na dakika arobaini nikipunguza mwanga wa kioo hadi karibu na mwisho na kuzima mawasiliano yote. Faili zangu sasa hazitegemei tarehe, zina namba: sura05-a, sura05-b, na kuendelea. Sifuti ya zamani mpaka sura imekamilika. Nakala ziko mahali pa tatu: kwenye mashine, kwenye simu, na kwenye flashi iliyofungwa kwenye ncha ya khanga ndani ya sanduku la mama. Siku hizi mama akifungua sanduku ananiambia, "Kitabu chako kipo."

Na flashi haiendi tena steshenari. Mnajua wenyewe yale mashine ya kuchapishia yanavyopokea flashi za mji mzima; unarudi nyumbani faili zako zimegeuka vivuli vyenye mshale, za kweli zimefichwa. Linux yangu haiugui virusi hao, lakini huwabeba, na kumpelekea mteja virusi ni aibu. Mimi natumia kadi ndogo ya simu ndani ya adapta yake ya plastiki. Ubavuni adapta ile ina kitelezo kidogo. Ukikisukuma kuelekea kwenye neno la kufungia, kompyuta inaweza kusoma kadi lakini haiwezi kuandika juu yake. Wengi wana adapta hizo droo zima na hawajawahi kukigusa kile kitelezo.

Mswada ulikamilika mwaka 2024. Kurasa 180, shilingi 200 kila ukurasa, jumla 36,000, nikaupeleka kwenye mashindano, si lazima niseme yapi. Sikushinda. Sikupata hata barua. Hadi diski ikafa mwaka huo huo, ikaanza kugonga kama mtu aliye nje ya mlango, kisha kimya. Sikuwa na hela ya nyingine, ikawa naendesha mfumo wote kutoka kwenye flashi ya gigabaiti 16 iliyochomekwa ubavuni, na ajabu ni kwamba mashine ni tulivu zaidi kuliko zamani, haina kinachozunguka ndani isipokuwa feni. Agosti 2025 Debian, ambayo ni mama wa antiX na Linux nyingine nyingi, ilitoa toleo la 13, na toleo hilo halina tena namna ya kusimikwa kwenye mashine za biti 32 kama yangu. Kwa hiyo nimeambiwa. Mfumo nilionao nitakaa nao. Unaandika vizuri.

Mdogo wangu sasa yuko kidato cha tatu, naye anaitaka mashine. Tumewekeana zamu: yeye kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku, nukuu zake za Bayolojia na Historia, kisha mimi mpaka betri ikate. Kibodi kubwa anaichukia, anasema inamjaza meza, kwa hiyo anatumia ile ya ndani na kuandika kila kitu bila a, halafu ananiomba nimjazie. Nimemwambia a zake ni shilingi tano tano. Hajalipa.

Naandika rasimu ya pili ya riwaya. Juzi nilifungua sura ya kumi na mbili nikakuta chini kabisa kuna mstari ambao si wangu, hauna a hata moja: "K k , huyu p g zi le b si. T ngu sur y tis h j l ."

Nikarudi nyuma nikasoma kuanzia sura ya tisa. Kutoka Ugogo hadi Tura, siku kumi na moja za njia, mzigo begani, na kweli sikumpa hata tonge.

Betri imebaki dakika ishirini na tano. Nampikia ugali wa mtama.